Mkanda wa Kwenda Baharini

Tarehe 14 Machi 1978, siku ya Jumanne, nilimpoteza mke wangu. Figo zilikataa kazi, akafia nyumbani kwetu Marani, kitandani, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Nataja kitanda kwa sababu miaka saba kabla ya hapo nilikuwa na hakika kwamba atafia majini, na hofu hiyo ilinifanya nitende jambo ambalo hadi leo sijamsimulia mtu. Waliokuja kwenye matanga walisema nilimtunza vizuri. Walisema wasiyoyajua.

Mimi ni fundi wa kushona. Cherehani yangu ilikuwa kwenye baraza ya duka la vitambaa mjini Kisii. Mwenye duka alikuwa mzee Mwislamu, mtu wa maneno mengi, ambaye babu yake alikuja huku kutoka pwani. Mke wangu alifanya kazi kwa mama mmoja Mwingereza, mwalimu aliyestaafu, aliyekaa kwenye njia ya Nyamira. Mama yule alikuwa na nyonga mbovu. Mke wangu alimwogesha, akamvisha, akamshika mkono penye ngazi.

Mwaka wa 1971, mvua za masika zilipopungua, mama yule aliniita nyumbani kwake. Mezani alikuwa ametandaza ramani. Alisema kaka yake amekodi mashua ya tanga kwa wiki moja, wazunguke visiwa vya Wagiriki katika Bahari ya Mediterania, visiwa vyenye watu wachache na kelele kidogo. Kila jioni wangetia nanga kwenye kisiwa kingine. Alitaka kwenda kabla nyonga haijamfunga kabisa, na hangeweza kwenda bila mke wangu. Gharama zote ni zake.

Niliangalia ramani. Visiwa vilikuwa kama punje za wimbi zilizomwagika kwenye mkeka wa buluu. Pembeni mwake kulikuwa na buluu tupu.

"Mama," nikasema, "mke wangu hajui kuogelea."

"Mimi najua, lakini kwa nyonga hii ni sawa na yeye," akajibu.

Mke wangu, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti chake, alicheka. Nikaona usoni mwake kwamba neno hili walikwisha kulizungumza wao wawili na limekwisha. Mimi niliitwa kuambiwa tu.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ilijaa mambo ya mashua. Kila Jumamosi alipokuja nyumbani alileta jipya. Masanduku magumu hayatakiwi, hayana mahali pa kukaa, kwa hiyo nishone mikoba laini ya turubai. Viatu viwe vya mpira, tena soli nyeupe, maana nyeusi inachafua sakafu ya mashua. Kofia ifungwe kamba chini ya kidevu. Kuoga ni kikombe kimoja cha maji.

"Na choo?" nikamuuliza.

"Kiko ndani. Ukimaliza unapiga pampu kwa mkono, hivi." Akanionyesha, akicheka mpaka akakaa chini. "Fundi wangu, mtu anajisaidia huku akifanya kazi ya kibarua!"

Sikucheka. Nilikuwa sili vizuri. Mchana nikiwa kwenye cherehani nilikuwa naona maji yakimfunika kichwa, na kitambaa cha kichwa kikibaki juu. Kwetu mtu huzikwa kando ya nyumba yake. Aliyezama utamzika wapi? Sikuthubutu kumuuliza hilo, nikamuuliza kwa njia ya kanisa. Nikamwambia bahari hiyo ndiyo iliyovunja merikebu ya mtume alipokuwa anapelekwa Rumi.

"Lakini wote walifika nchi kavu," akasema.

"Kwa kushika mbao!"

"Mimi utanishonea mkanda."

"Kwa nini unataka sana kwenda?"

Alifikiri kidogo. Alikuwa anamenya ndizi, mikono imejaa utomvu. "Tangu nikiwa mtoto nimepanda kilima na maji kichwani," akasema. "Nataka kuona maji ambayo hakuna mtu anayeyabeba."

Mkanda ulikuwa agizo la kaka yake yule mama. Mke wangu alileta barua yake yenye mchoro. Asiyejua kuogelea avae mkanda wa kifuani, wenye mabega mawili na pete ya chuma mbele, na kwenye pete ifungwe kamba ya kumshikiza kwenye mashua. Huko wangeweza kuununua, lakini mama yule aliniamini mimi. Aliniambia mbele ya mke wangu, "Kaka yangu ataukagua. Asiporidhika, mke wako atabaki bandarini." Kisha akafikiri tena, akasema, "Hapana. Wewe ukiona mkanda hauna nguvu niambie mapema, tusimsumbue kwenda mbali bure. Nitamwomba mpwa wangu anisaidie huko."

Maneno hayo niliondoka nayo.

Mzee wa duka aliniuzia utepe mgumu, ule wa kushonea mahema. "Fundi," akanitania, "Mkisii na bahari, wapi na wapi? Nyinyi mkiona mto umejaa mnaita mkutano."

"Si mimi niendaye."

"Naona. Wewe umekuwa mweupe, na hata hujapanda mashua."

Nilishona kwa siku mbili. Sijisifu, lakini ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizofanya maishani, kwa sababu mkono wangu ulikataa kushona vibaya hata nilipotaka. Nikautundika mkanda kwenye boriti ya baraza, nikafunga gunia la mahindi kwenye pete. Gunia lilining'inia tangu asubuhi mpaka saa tisa. Watu walipita wakiulizana kama fundi ameanza kuuza mahindi. Hakuna mshono hata mmoja uliolegea.

Nililishusha gunia. Mzee alikuwa ameenda kuswali. Nikachukua wembe wa kufumulia nguo, nikakata mshono wa bega la kulia, safu zote mbili, kisha nikavuta utepe mpaka ukatoka.

Nilimwambia mke wangu Jumamosi, pale pale barazani, alipokuja kunichukua twende nyumbani. Nikasema umekatika kwa uzito. Nikasema ni heri umekatikia hapa. Nikasema nitamwambia yule mama Mwingereza kesho kutwa, na kwamba nimesikitika.

Aliuchukua mkanda akausogeza kwenye mwanga. Nilikuwa nimesahau kwamba mwanamke huyu alinipindia nguo na kunishonea matundu ya vifungo kwa miaka kumi na miwili. Uzi uliokatika kwa kuvutwa huacha mkia, nyuzi zake zinafumuka na kuwa nyembamba. Uliokatwa kwa wembe ni bapa kama jani lililofyekwa. Alipitisha kidole kwenye ncha moja baada ya nyingine.

"Huu umekatwa," akasema.

Niliogopa kuliko nilivyoiogopa bahari.

"Ni mimi," nikasema.

"Najua ni wewe. Panya hawatumii wembe." Hakupandisha sauti. "Ungeniambia tu kwamba unaogopa."

"Naogopa."

"Mimi pia naogopa. Wiki zote hizi nakuchekea ili usione." Akaweka mkanda juu ya meza ya cherehani. "Lakini nataka kwenda. Kama unataka nibaki, sema nibaki, nitabaki. Usiseme kwa mdomo wa uzi."

Nilikuwa nimepewa nilichokitaka. Neno moja lingetosha, na angebaki, nilimjua. Nilifungua mdomo kulisema neno hilo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini halikutoka, na sitaki kujipa sifa: nadhani niliona aibu tu.

Nikakaa kwenye cherehani. Mzee wa duka, ambaye sijui alisikia kiasi gani, alitoka na kibonge cha nta ya nyuki na uzi wa kushonea turubai, akaviweka mbele yangu bila utani. Nilipaka uzi nta. Nilishona bega lile safu nne, mke wangu akiwa amesimama nyuma yangu kama anavyosimama mteja asiyemwamini fundi. Alipouvaa alinyanyua mikono juu.

"Nitundike," akasema.

Tulimtundika kwenye boriti ile ile, mimi na mzee tukivuta kamba. Miguu yake iliacha sakafu. Akabaki pale anazunguka polepole, sketi ameishika kwa mikono miwili.

"Jamani," mzee akasema, "sasa tumeanza biashara ya kuuza watu."

Mke wangu alicheka. Mimi nilikuwa naliangalia bega la kulia.

Waliondoka mwezi wa nane, asubuhi. Gari la mama yule lilisimama mbele ya duka. Mikoba ya turubai ilikuwa nyuma. Nilimsogelea yule mama dirishani, nikauliza lile swali hatimaye, kwa sauti ya chini, mke wangu asisikie: likitokea la kutokea, atamleta tumzike nyumbani?

Aliniangalia. "Ikiwezekana, nitamleta," akasema. "Bahari si yangu, fundi. Siwezi kukudanganya."

Mke wangu alishusha kioo cha upande wake akaniambia nisisahau kumwachia ng'ombe chumvi. Gari likashika njia ya Keroka.

Alirudi baada ya wiki tatu, na habari za huko ni zake. Alizisimulia mwenyewe miaka yote aliyobaki nayo, tena vizuri kuliko mimi. Langu ni la asubuhi ile tu.

Nilirudi kwenye kiti changu. Kulikuwa na mwanamke mmoja anasubiri sare ya mtoto wake, pindo tu, kazi ya dakika tano. Nilijaribu kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani, ukapita pembeni. Nikaulowesha kwa mate, nikajaribu tena, na tena. Mwanamke yule aliuchukua uzi mkononi mwangu, akainama, akanitungia.