Mlinzi wa Mapipa Matupu

Koplo mpishi alilazwa mahabusu ya kambi kwa kosa la kutupa maganda ya viazi kwenye pipa la taka. Msomaji asidhani macho yamemdanganya. Pipa lilikuwa la taka, naye akashtakiwa kwa kulitia taka.

Sera ya mazingira ya jeshi iliagiza taka zitenganishwe. Mkuu wa kikosi akaitekeleza kijeshi: mapipa yakapakwa rangi, yakapangwa mstari mbele ya ofisi yake, yakang'arishwa kila asubuhi na kuwekewa mlinzi. Taka zenyewe ziliendelea kwenda shimoni, nyuma ya nyumba za familia, zikichomwa pamoja na matairi na oili chafu. Moshi uliingia moja kwa moja dirishani kwa koplo, ambako binti yake mwenye pumu alihangaika kuvuta pumzi. Koplo alikwisha kulalamika mpaka ulimi ukamkauka. Akajibiwa kuwa kambi yao inasifika kwa usafi.

Alipotoka mahabusu aliongezewa adhabu: ashike zamu ya kulinda mapipa siku atakayokuja jenerali wa ukaguzi. Mkewe, akimpigia pasi magwanda, hakumwonea haya.

"Baba watoto, umelisha kikosi kizima, leo umepandishwa cheo ulinde ndoo."

"Amri ni amri, mama watoto. Leo nitaitii mpaka walioitoa waijutie."

Jenerali akafika, akazisifu rangi, akamaliza maji yake, akanyoosha mkono atupe chupa. Koplo akapiga saluti ya kukata na shoka, kisha akasimama kati yake na pipa.

"Samahani, afande. Hairuhusiwi kutupa taka humu."

Mkuu wa kikosi akakohoa, akamkonyeza, akamkanyaga mguu. Koplo akawa gogo.

"Hairuhusiwi na nani?"

"Na mkuu wangu, afande. Mimi nilitupa, nikalala ndani."

"Basi hii chupa niipeleke wapi?"

"Karibu nikuongoze, afande. Hata ukifumba macho, pua itakufikisha."

Msafara mzima ukamfuata mpishi. Shimo lilikuwa likifuka, na dirishani binti alikuwa amejiziba pua kwa kitambaa. Jenerali akakohoa hadi kofia ikamdondoka. Hakuitupa chupa, alimkabidhi mkuu wa kikosi, naye akaibeba ukaguzi mzima kama mtoto aliyeachiwa na jirani.

Kesho yake ulinzi wa mapipa ukafutwa, na shimoni kukasimikwa kibao cha kukataza kuchoma taka. Kibao kimepakwa rangi ya kupendeza. Nyuma yake moshi ungali unapanda, binti angali anakohoa, na kosa la baba yake halijafutwa.

Nyinyi wakuu mlioitia sahihi sera hiyo, hatuwaombi rangi nyingine. Lifukieni shimo. Lifuteni kosa la koplo. Na kama mahabusu ya kambi itabaki tupu, mwekeni humo anayeamuru matairi yachomwe chini ya dirisha la mtoto.