Nafasi Niliyoiomba

Ofisini kwetu Kabanga watu wananijua kwa mambo mawili: sikosei fomu, na sioni haya kusema kwamba sikosei. Lori likifika kutoka Dar es Salaam na mzigo wa kuvuka kwenda Burundi, karatasi zake zikiwa mikononi mwangu, dereva anaweza kwenda kuagiza chai na chapati, na kabla hajamaliza ataitwa. Kazi hii nimeisomea. Nina diploma ya mambo ya forodha, na hakuna mjomba aliyenilipia ada. Niliilipa mwenyewe, mchana nikibeba viroba Kariakoo, jioni nikikaa darasani na vumbi la unga masikioni. Katika ukoo wetu, ambao ulivuka kutoka Burundi na sufuria mbili na mkeka, mimi ndiye wa kwanza kutundika cheti ukutani. Na sikurudi huku kwa kushindwa maisha ya Dar. Nilirudi kwa sababu nilitaka wanaonijua wanione.

Kwa hiyo Alhamisi ile mzee aliponiita, niliingia kifua mbele. Mzee ndiye mwenye kampuni. Ni mtu wa Ngara mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara waliokuja kutoka pwani zamani, na Kiswahili chake kimenyooka kama shati lililopigwa pasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Bwana Diploma. Kaa. Mkuu wa dawati la hapa mpakani anaondoka mwisho wa mwezi. Ipo nafasi."

Mshahara wa mkuu wa dawati niliujua, ulikaribia kuwa mara mbili ya wangu.

"Ila nikwambie ukweli," aliendelea. "Malori hayajui sikukuu. Utapumzika Jumapili moja kwa mwezi. Mkataba ni miaka mitatu, na sitaki mtu wa kuniachia katikati. Kama huwezi, kuna ofisi ya Ngara mjini, kuandaa karatasi tu. Mshahara ni wako huu huu wa sasa. Ijumaa saa sita mchana unafunga, unarudi Jumatatu saa nne. Kule utapumua. Chagua, unijibu kabla ya Jumatatu asubuhi. Utakaloliacha atalichukua dada yako."

Dada huyo si wa damu; alikuwa mfanyakazi mwenzangu tu, Mhangaza, mwenyeji wa huku huku Ngara, aliyenizidi miaka kama kumi, aliyekaa meza ya dirishani. Hana diploma, ila anajua kila dereva na jina la mke wake.

Ungedhani mtu kama mimi angejibu papo hapo. Nilimwambia nitafikiri, nikatoka. Mchana huo huo niliandika namba ya lori moja kwenye karatasi za lori jingine. Dada akaliona kosa kabla halijafika forodhani, akanisogezea karatasi bila kunitazama.

"Kaka, leo umerogwa?"

"Nimechoka kidogo."

"Basi omba rikizo."

Siku nyingine ningemsahihisha, nikamwambia ni likizo. Siku hiyo nilifuta tu.

Sababu ya hofu yangu ilikuwa Nyarubungo, kule Biharamulo, kwa mama yangu. Nina binti wa miaka saba. Mama yake na mimi tuliachana mtoto akiwa na miaka miwili, akaolewa kwingine, na mtoto akabaki kwa bibi yake. Mimi nilikuwa Dar natafuta diploma. Niliporudi nikaingia Kabanga, nikawa naenda kumwona Jumapili moja baada ya nyingine, nikiwahi, na kugeuza siku hiyo hiyo. Nilijiona baba bora. Sare yake ya shule ilikuwa mpya kuliko za wenzake wote.

Wiki mbili kabla ya kuitwa na mzee, mama alinisimulia kitu huku akicheka. Mwalimu wa darasa la kwanza aliwauliza watoto baba zao wanafanya kazi gani. Mmoja akasema analima, mwingine anaendesha bodaboda. Binti yangu akasimama akasema, "Baba yangu anapitaga."

Darasa zima likacheka. Mwalimu akamuuliza, "Anapita wapi?" Akajibu, "Kwetu."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilicheka pia, kwa sababu ningefanya nini? Lakini ndani ya basi la kurudi, neno lile nililirudia mpaka Kabanga. Nikipiga hesabu ya mkataba, miaka mitatu ya Jumapili moja kwa mwezi, mtoto angefika miaka kumi akiendelea kuniona napita. Mtoto wa miaka kumi hakuombi tena ukae. Ameshazoea kutokuwepo kwako.

Na upande wa pili kulikuwa na nyumba. Nimejenga Nyarubungo vyumba vinne, matofali ya kuchoma, kuta zimefika kwenye linta, juu ya madirisha. Ni boma kubwa kuliko nyumba zote za jirani, na kila anayepita barabarani anajua ni langu, kwa kuwa nilihakikisha anajua. Niliwaambia watu mvua za mwakani zitakuta bati. Nililisema kanisani na kwenye kilabu cha kahawa. Mshahara wa mkuu wa dawati ungeezeka boma lile bila mimi kukuna kichwa. Bila mshahara huo, majani yangeota sebuleni.

Jumapili nilikwenda. Binti yangu alikuja mbio mpaka hatua tano hivi kutoka kwangu, kisha akasimama, akaja taratibu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Utakula hapa?"

"Nitakula."

"Haya," akasema, akaenda kumwambia bibi yake aongeze ugali, kama vile amepokea mgeni wa kanisa.

Nilimweleza mama yote mawili. Nilianza na mshahara, nikautaja polepole ili uingie vizuri. Mama aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo. Yeye Kiswahili anakijua cha soko. Mambo ya moyoni huyasema kwa Kirundi cha kwao.

"Fata umwanya, mwana wanje," akasema.

"Na nyumba?"

"Nyumba inakuita baba?"

Jioni hiyo, nikisubiri gari pale Lusahunga, nilitoa simu nimwandikie mzee kabla ujasiri haujaisha. Maneno ya mama yalikuwa bado yananisukuma. Alikuwa ameniambia nichukue umwanya, na umwanya kwa Kirundi ni muda, ule wa kukaa na watu wako. Nikautafutia neno la Kiswahili safi, la kumfaa mzee wa Kiswahili safi, nikaandika: "Shikamoo mzee. Nimepima yote mawili. Mimi nachagua nafasi. Ahsante kwa kuniamini." Niliusoma mara mbili, nikaupenda ulivyokuwa mfupi na wa kisomi, nikautuma.

Jibu lilikuja kabla gari halijafika. "Hongera sana. Nilijua."

Nikaona mzee ni mtu muungwana kuliko nilivyodhani, kumpongeza mtu kwa kukataa fedha.

Jumatatu nilishuka Kabanga, na wabadilisha fedha wa pale kituoni, wanaokaa na mafungu ya faranga magotini, wakanipokea kwa kelele.

"Mkuu! Mkuu wa mpaka!"

"Mkuu, soda! Leo hatutoki hapa bila soda!"

"Mwone anavyotembea, tayari tumbo limetangulia!"

Mlinzi wa ofisi yetu alinipigia saluti. Dereva mmoja wa malori, ambaye mwezi uliopita alinitukana kwa kuchelewa, aliniita bosi. Ndipo nilipoelewa kwamba mzee alikuwa ameshatangaza. Mzee alikuwa amezungumza Alhamisi kwa maneno yake mwenyewe: "Ipo nafasi" alilisema kwa Kabanga, na kwa Ngara alisema "utapumua." Mimi niliyejisifu kwa Kiswahili cha Dar nilifikiri kwa Kirundi nikaandika kwa Kiswahili, na nafasi yangu ya kukaa na mtoto ikasomwa kuwa nafasi ya kazi.

Ilikuwa kazi ya dakika moja kusahihisha. Ningemwendea mzee, nikasema neno, tukacheka. Lakini mlangoni nilikuta watu watatu wamesimama kunipa mkono, na mkono wa kwanza niliupokea. Baada ya wa kwanza, wa pili ulikuwa rahisi. Mzee alikuwa amekwenda Ngara kuandikisha barua, na angerudi kesho yake tusaini. Mimi siku nzima nilikaa kwenye kiti changu nikiitwa mkuu, nikiitika. Nilinunua hata zile soda. Kila chupa ikifunguliwa nilijua nadanganya, na bado nilimwambia mwuzaji afungue nyingine.

Dada aliniambia mara moja tu, akifunga droo yake jioni. "Mimi basi nakwenda Ngara. Nimeshaanza kuulizia chumba." Hakusema kwa kununa. Alisema kama mtu anayesoma bei ya kitu ambacho hakuwa na mpango wa kununua. "Hongera kaka. Mshahala ule, angalau upate bati."

Jumanne asubuhi mzee aliweka barua mezani, akaichomoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akanipa. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake cheo. Nitasema ukweli: lilipendeza. Nilikuwa sijawahi kuona jina langu juu ya cheo. Niliishika kalamu mpaka ikalowa jasho.

"Mzee, kuna neno limekosewa."

Akavaa miwani, akaitazama barua. "Lipi? Jina?"

"Siyo kwenye barua. Kwenye ujumbe wangu. Niliandika nafasi. Nilimaanisha muda. Kama mtu anavyosema leo nina nafasi, leo sina nafasi. Nilikuwa nachagua Ngara."

Alinitazama juu ya miwani, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Na hicho ndicho Kiswahili cha diploma!"

"Samahani mzee."

"Hapana, neno ni zuri, linakwenda kote kote." Kicheko kikaisha. "Lakini hebu niambie. Neno lilikosewa Jumapili. Jana je? Nimeambiwa mpakani watu wamekunywa soda kwa jina lako. Jana nzima ilikuwa nini?"

Ningeweza kusema nilikuwa namsubiri arudi. Lilikuwa karibu kuwa kweli.

"Ilikuwa tamu, mzee," nikasema.

Hakucheka safari hii. Aligonga meza kwa kidole. "Ukiitoa leo hairudi. Mwakani usije kwangu na boma lako."

"Sitakuja."

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Nilikuwa naiona barabara ya Nyarubungo na watu wote niliowaambia habari za bati. Nikasema, "Nina hakika."

Akachukua rula, akalikata jina langu kwa mstari mmoja ulionyooka, halafu akamwita dada. Dada alisimama mlangoni na faili kifuani, akasikiliza, akanitazama mimi, akamtazama mzee.

"Mshahala ule? Mimi?"

"Wewe."

Alikaa bila kuambiwa akae. "Basi nisaini sasa hivi," akasema, "huyu kaka asije akakosea neno jingine."

Wabadilisha fedha hawakunisamehe upesi. Mmoja aliahidi kunirudishia soda yangu kwa njia anayoijua yeye, akionyesha choo. Jambo hilo nililivumilia. Lililonishinda, katika siku za makabidhiano kabla sijahamia Ngara, ni kumwona dada kwenye meza ya mkuu, akikosea fomu ambazo mimi nisingekosea, na madereva wakimsubiri bila kulalamika. Mara mbili nilisimama nimwonyeshe. Mara mbili nilikaa tena.

Ijumaa ya kwanza ya ratiba yangu mpya nilifunga ofisi ya Ngara saa sita kamili, nikafika Nyarubungo kabla ya giza. Jumamosi niliamka mapema kama mtu wa kazini. Nilifagia uwanja, nikafunga bawaba ya mlango wa choo iliyolegea, nikachota maji. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimemaliza kila nilichojua kufanya pale, na siku ilikuwa bado nzima. Niliogopa. Mpakani sikuwahi kuwa na saa isiyokuwa na jina la mtu anayenisubiri.

Mama na mtoto walikuwa wametandaza maharage makavu kwenye turubai, wanayapura kwa fimbo. Nikavua viatu, nikajiunga. Jirani mmoja, mzee tunayesali naye, akasimama barabarani, akatazama boma langu, kisha akanitazama mimi na fimbo yangu.

"Habari za hapo?"

"Nzuri, shikamoo."

"Marahaba. Jumamosi upo nyumbani?" Akasogea, akapunguza sauti kwa huruma. "Wamekupunguza kazini?"

Nilikuwa na jibu lote mdomoni: cheo nilichopewa, barua yenye jina langu, mshahara nilioukataa. Nikafungua mdomo.

"Nimeomba mwenyewe," nikasema.

"Ah," akasema, jinsi mtu anavyomjibu mgonjwa anayesema amepona. "Mungu atasaidia."

Akaenda zake, na nilijua kabla ya mchana habari itakuwa imefika kanisani. Niliinua fimbo nikapiga kwa nguvu, mara tatu, mara nne. Binti yangu akaacha kupura, akanitazama mikono.

"Baba," akasema, "hupigi maharage. Unapiga chini."