Fainali ya Kajiado: tulipima ndume badala ya kupasha mwili moto

Wakuu, sopa. Kuna kijana ameandika hapa ati warm-up ni ya mapro, mtu wa mtaa anaingia tu akicheza. Nimeona nisinyamaze. Haya yalitokea nikiwa ndani ya jezi, na shahidi wangu bado anachechemea kukiwa na baridi.

Miaka ya mwanzo ya 2000 nilikuwa broker wa mbuzi Kitengela. Sisi watu wa soko la mifugo tulikuwa na timu. Mimi nilikuwa kipa, kwa sababu broker hakimbii, anangoja bei imfikie.

Beki wetu alikuwa Hassan, muuza ng'ombe, mtu mzima mwenye tumbo. Striker alikuwa Lemayian, kijana wa kuswaga mifugo ya watu hadi sokoni. Coach alikuwa Mwalimu Mutua, wa shule ya msingi. Yeye alisema mwili ni kama injini ya lori, huipeleki mlimani ikiwa baridi.

Tukaingia fainali, Kajiado mjini. Zawadi ilikuwa ndume wa ng'ombe.

Kawaida ndume ya tournament huliwa siku hiyo hiyo. Lakini tulikuwa tumekubaliana: tukishinda, ni ya Lemayian. Alitaka kuoa binti wa mzee mmoja wa Mashuuru, na mahari ilikuwa imebaki ng'ombe mmoja tu. Mzee alikuwa amesema hangoji tena. Kuna mwanaume mwingine alikuwa anauliza juu ya huyo binti, na huyo alikuwa na ng'ombe, si ahadi.

So siku hiyo hakuna aliyeenda Kajiado kutembea tu.

Tulifika asubuhi, na ule upepo wa Kajiado unaoingia hadi kwa meno. Nikahesabu wachezaji wakishuka kwa lori, nikarudia. Wote wako.

Coach akasema, "Pasheni mwili. Mimi naenda kuandikisha majina."

Hilo ndilo kosa lake pekee siku hiyo, kutuacha.

Ndume ilikuwa imefungwa kando ya uwanja. Sasa wakuu, unawaachaje watu wa soko na ng'ombe ambaye hawajampima? Hassan alifika wa kwanza, akamfungua mdomo.

"Meno yameisha. Huyu ni mzee."

"Mzee ni wewe," Lemayian akamwambia. "Shika nundu kwanza."

Nikashika nundu. Nikarudia. "Hii ni ya kuchemsha. Ukichoma utatafuna hadi Krismasi."

Timu nzima ikatoa bei, ikabishana. Upande ule mwingine vijana wa Kajiado wanakimbia, wananyoosha miguu, wanatoka jasho. Tukawacheka. Tulisema wanajichosha bure.

Filimbi ikalia. Tukaingia baridi kama maji ya kisima.

Bao lao la kwanza lilinipita nikiwa bado napanga kuinama. Muda kidogo baadaye Lemayian akapata pasi safi, akafyatuka, halafu akasimama ghafla, ameshika nyuma ya paja kama mtu aliyepigwa rungu. Msuli. Tukambeba nje.

Half-time Coach hakupaza sauti. Alitutazama, akauliza, "Ng'ombe mmempima vizuri?"

Hassan akainama kufunga kamba za viatu.

"Sawa. Hakuna kukaa, hakuna machungwa. Nifuateni," Coach akasema.

Tukakimbia polepole kuzunguka goli. Magoti juu. Kunyoosha mapaja. Mbio fupi fupi. Mashabiki wakasema hawa wanafanya warm-up mechi ikiisha. Hassan aliruka hadi jasho likadondoka kutoka kwa ndevu. Lemayian alikuwa amekaa karibu na ndume, mguu umefungwa leso, anatuangalia. Hakuna aliyethubutu kumwangalia.

Second half miguu ilikuwa yetu. Hassan akasawazisha kwa kichwa, kutoka kona. Karibu na mwisho winga wetu akaongeza la pili. Halafu wakapiga shuti moja la chini, la pembeni kabisa, nami nikaruka kama mtu ambaye si broker. Niliugusa mpira kwa kidole, ukatoka nje. Asubuhi ile, kabla ya jasho, hicho kidole kilikuwa kimelala.

Ndume ikawa yetu.

Wiki iliyofuata tukampeleka Mashuuru. Mzee akamzunguka, akamfungua mdomo, akashika nundu.

"Huyu si mzee kidogo?"

"Mzee wapi, baba," Hassan akasema bila aibu. "Huko ni kukomaa."

"Nundu kama hiyo siku hizi hupati," nikaongeza.

Mzee akamtazama Lemayian akija nyuma yetu kwa mguu mmoja.

"Ng'ombe nimekubali. Sasa niambieni huyu. Mbona anachechemea?"

Sisi watu wa soko tukamgeukia Coach. Coach ndiye alijibu, "Hakupasha mwili, mzee."

Mzee alicheka hadi akakaa chini. Binti akaleta chai, na ya Lemayian akamwekea karibu na mkono, asilazimike kuinuka.

Funzo langu ni hilo: kabla hujapima zawadi, pima mwili wako kwanza kama uko tayari kuichukua.

Wewe kijana wa "ni ya mapro", njoo unijibu. Na mwingine aliyewahi kuingia uwanjani baridi, tuambie ulitoka kwa miguu mingapi.