RAM Zilizopakwa Rangi ya Kanisa

Ni Jumamosi, Juni 14, 2025. Kajiado imeamka na baridi kavu, mawingu mazito yasiyo na mvua, na upepo unaosukuma vumbi chini ya mlango wa ukumbi wa kanisa. Ndani, Nzilani Maweu amepiga magoti mbele ya kompyuta iliyofunguliwa ubavu. Anabonyeza swichi. Feni inazunguka, mashine inalia mara tatu, skrini inabaki nyeusi.

Anazima. Anafumba macho, midomo ikisogea bila sauti. Anabonyeza tena. Mashine inalia mara tatu.

"Hii ni mara ya tisa," anasema. "Na mzee bado ananiuliza kama nimewasha stima kwa ukuta."

Mzee huyo ni Katoo, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki, shuka juu ya koti. Kanisa lilipewa msaada wa kompyuta sita za mezani, kila moja ikiwa na umri wa zaidi ya miaka kumi, kwa darasa la jioni la watu wazima. Zinakwenda polepole mno. Unafungua ukurasa mmoja, unamaliza kikombe cha chai, bado haujafunguka.

Nzilani, mwenye umri wa miaka 47, aliitwa kutoka Kitengela kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ambayo kompyuta hutumia inapofanya kazi. Ameanza na mashine moja ya majaribio. Ikikubali, darasa litaanza Jumatatu. Ikikataa, kamati imeamua zote sita ziuzwe leo. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshafika na anaota jua lisilokuwepo kando ya mkokoteni wake.

Karibu na mlango amesimama Naipanoi, muuza maziwa, aliyejiandikisha wa kwanza. "Nimeandikiwa barua na watu maisha yangu yote," anasema. "Nataka moja niandike mwenyewe, hata kama ni fupi."

Katoo hana haraka ya kumwonea fundi huruma. "Kabla uje, mama, hii kitu ilikuwa polepole, lakini ilikuwa inawaka. Sasa umeifungua, inalia."

Nzilani anarudisha RAM za zamani. Kompyuta inawaka. Anazitoa, anaweka mpya. Inalia.

Chanzo alichokishuku kwanza kinaonekana hata na asiye fundi. Kila mali ya kanisa hili imeandikwa M.K., yaani Mali ya Kanisa, kwa rangi nyekundu: viti, sufuria, vifuniko vya sufuria, hata ufagio. RAM mbili mpya zilinunuliwa kwa mchango wa waumini na kuombewa madhabahuni Jumapili iliyopita. Kabla ya kuzipeleka mbele, Katoo alizipaka M.K. Herufi zilikuwa kubwa kuliko nafasi, zikateremka mpaka kwenye meno ya rangi ya dhahabu yanayogusana na bodi ya kompyuta.

"Nimefanya hii kazi miaka sita," Nzilani anasema. "Nimetoa mende ndani ya kompyuta, nimetoa sukari, nimetoa panya na watoto wake. Rangi ya geti sijawahi kutoa."

"Kiti haijaandikwa hapa hutembea," Katoo anajibu. "Sembuse kitu inatoshea kwa mfuko."

Nzilani hakuingia kazi hii akiwa kijana. Alizaliwa Mwala, akaja Kitengela mwaka 2003 kushona suruali katika kiwanda kimoja kule Athi River. Kazi ilipoisha alikuwa na watoto watatu na hakuwa amemaliza sekondari. Alirudi darasani akiwa na miaka 38, jioni, baada ya kuuza mboga, kisha akasomea kompyuta. Leo anakodi nusu ya chumba anachogawana na fundi viatu. Siku nzuri humpa shilingi 1,200. Siku nyingine anarudi nyumbani na alichotoka nacho.

"Mwalimu wetu alikuwa akikosa kuja kwa sababu mashine imekufa," anakumbuka. "Tunakaa hapo, watu wazima, tunatazamana. Nilimwambia Mungu, nifundishe tu kuziamsha."

Anasugua rangi kwa spiriti, halafu kwa raba ya kufutia penseli, mpaka meno yang'ae. Anajaribu kipande kimoja kimoja, katika kila nafasi. Anang'oa betri ndogo ya bodi, anangoja, anairudisha, ili mashine isahau mipangilio yake ya zamani. Mara tatu, vilevile.

Basi rangi haikuwa kiini cha shida.

Anatoa katika mkoba RAM mbili alizozing'oa kwenye mashine yake ya dukani. Anazipachika. Skrini inawaka na ukurasa unafunguka upesi. Naipanoi anasogea.

"Hizo zinakubali kwa sababu ni zako," Katoo anasema.

Nzilani anachukua zile za kanisa, anakwangua rangi juu ya kibandiko kwa ukucha, anasoma maandishi madogo. Zimeundwa kwa ajili ya kompyuta zenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya aina nyingine. Umbo ni lilelile, pengo kati ya meno liko palepale, lakini bodi hii haiwezi kuzisoma.

"Mzee, ile karatasi nilikuandikia aina ya RAM iko wapi?"

Iko ndani ya Biblia ya mzee. Ndiko alikoihifadhi isipotee, na ndiko ilikobaki alipokwenda Nairobi. Dukani aliomba RAM ya kompyuta ya zamani, akachagua ya bei nafuu.

"Lakini zimeingia," anasema. "Kitu ikiingia si imeingia?"

"Hata mimi naweza ingia ofisi ya kaunti, mzee. Hiyo haimaanishi nimeandikwa kazi."

Naipanoi anacheka akiwa amefunika mdomo kwa leso. Katoo hacheki. Duka haliwezi kupokea bidhaa iliyopakwa rangi, na hilo analijua. Linalomsumbua ni jingine, na analisema taratibu. "Watu waliombea hizi vitu. Nitawaambia Mungu alikataa sadaka yao?"

"Mungu hajakataa. Ni bodi imekataa."

Nzilani ana mashine ya aina ile nyingine chini ya meza yake Kitengela. RAM za kanisa zitafaa huko, na zake zinaweza kubaki hapa. Lakini anaogopa. "Mtu akikuta M.K. ndani ya duka langu, nitaitwa mwizi wa kanisa. Kwa kazi yangu, jina likiharibika, nimefunga duka."

Anaanza kuchomoa RAM zake. Nje, mnunuzi anauliza kama aingie sasa.

"Ziache," Katoo anasema. Anasimama, anamwita mnunuzi mlangoni, anamsogeza Naipanoi karibu, na kutoa karatasi ndani ya Biblia.

"Nyinyi wawili mnanisikia. Kesho nitasimama mbele ya kanisa, niseme mimi Katoo ndiye nilinunua vibaya, na hizi nimempa huyu mama kwa mkono wangu. Na RAM za hizo kompyuta zingine tano, nitaenda naye dukani, na karatasi nitabeba kwa mkono."

"Na rangi?" Nzilani anauliza.

"Rangi sitaigusa mpaka uniambie wapi."