Nyuso Alizokabidhiwa Mabruka

Mabruka, jirani yangu hapa Misrata, ni mpiga picha wa harusi za wanawake. Ukumbini simu za wageni hukusanywa mlangoni, mwanamume hapiti hata awe baba wa bi harusi, nasi tunavua mitandio tunacheza nywele wazi. Simu ya Mabruka tu ndiyo huingia, kwa sababu ana kifua cha kutunza siri. Akishamkabidhi bi harusi picha zake, anazifuta simuni mbele ya macho yake. Hata Miftah mumewe hajaonyeshwa hata moja. Jina lake ndiyo riziki yake.

Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja kubwa ya mtandaoni ilijitolea kumhifadhia picha zake bure. Akakubali. Mimi nilipotia shaka, alinicheka.

"Shoga, matajiri wale wana haja gani na hizo nywele zako zilizokatikakatika?"

Ijumaa iliyopita Miftah alileta televisheni mpya, akaiunganisha kwa akaunti ya mkewe ya kampuni ile, maana ndiyo pekee nyumbani. Wanaume wakajaa sebuleni, chai ya karanga mkononi, wakatazama mpira. Ulipokwisha, televisheni ikaanza yenyewe kuonyesha picha: Zuhra, bi harusi wa juzi, mabega wazi, anacheka. Na shemeji yake Zuhra ameketi papo hapo!

Wallahi kelele nilizisikia kwangu. "Zima! Inamisheni macho, jamani!" Miftah aling'oa waya na soketi yake.

Nilikimbilia kwao. Mabruka akafungua akaunti. Picha zote alizozifuta simuni, akidhani na kule zimefutika, zilikuwa huko, tena zimepangwa kwa nyuso. Hata mimi nilikuwa na fungu langu, tangu sijaota mvi. Chini ya Zuhra msichana wa shule na Zuhra bi harusi paliulizwa: "Je, huyu ni mtu yuleyule?" Nililia kwa hasira. Nani kawatuma watukariri sura?

Tulikwenda kwa Zuhra. Mabruka alimweleza yote, hakujitetea. Zuhra alimsikiliza, mkono kinywani.

"Shemeji yangu aliinamisha macho, akaja kuniomba radhi," alisema mwishowe. "Hao walionipanga kwa sura, mama, niende mlango wa nani waniombe radhi?"

Mabruka hajapiga picha tena tangu siku ile.