Nyasi Zilizoletwa Mapema

Felicitas alirudi kutoka shambani na panga mkononi, akawakuta majirani wa kike wamejaa sebuleni kwake, kimya. Sakafu nzima ilikuwa imetandazwa nyasi mbichi, kama nyumba yenye msiba.

"Nani kafa?"

Wifi yake Kokugonza akaangua kilio. Vero, jirani mdogo kuliko wote, ndiye aliyejikaza. "Shikamoo mama. Tumesikia hospitali wamekurudisha."

"Marahaba. Kumbe marehemu ni mimi! Basi si mngenipikia? Marehemu ana njaa."

Vero alicheka, akaziba mdomo. Kokugonza akazidisha kilio.

Hapo Nkwenda hakuna asiyemjua Felicitas. Ni mkulima wa ndizi na kahawa, nguzo ya sauti ya pili katika kwaya ya Walutheri, mwepesi wa utani na mzito wa kusamehe. Alipogundulika ana saratani ya titi, madaktari walimwambia atapasuliwa. Akaaga kwaya, akafunga safari. Kufika, akaambiwa la: vipimo vipya vinaonyesha heri kuanza na dripu ya dawa, uvimbe usinyae, ndipo wakate. Nywele zikapukutika; akafunga kitambaa, akaendelea kuimba. Na wiki hii wakamwambia tena kwamba dripu ile wanaiacha, wataanza nyingine.

Hakuna aliyeketi akamweleza kwa nini. Mwanamke anakaa kutwa nzima ndani ya basi na kichefuchefu chake, halafu anapewa tarehe tu, maelezo hapewi, kana kwamba mwili ni wa hospitali na yeye kazi yake ni kuuleta! Ndiyo maana aliposhuka stendi alisema kwa sauti kwamba harudi tena. Kijiji kikasikia hospitali imemrudisha afie nyumbani, kikaenda kukata nyasi.

Wageni walipoondoka, mumewe Elipidius aliingia na sahani ya ndizi na maharage, akaketi karibu yake juu ya nyasi zilezile.

"Kula, marehemu."

"Usinichekeshe. Leo kisu, kesho dripu, keshokutwa dripu nyingine. Mtu anayejua kazi yake habadilibadili maneno."

"Ndivyo ulivyomwambia bwana shamba."

Felicitas akaacha kutafuna. Mnyauko ulipoingia migombani, bwana shamba aliwaagiza wang'oe shina zima, mgomba mgonjwa pamoja na wenzake wazima. Felicitas aling'oa huku akilia. Baadaye bwana shamba akaja na neno jipya: kata ule unaoumwa tu, mapema, na panga ulilosafisha kwa moto. Felicitas akamwita mwongo, akaendelea kung'oa. Ng'ambo ya ua Kokugonza alikata mmojammoja na kula ndizi zake, ilhali Elipidius alipanda baiskeli kwenda kununua mkungu sokoni, mbele ya macho ya watu.

"Mkulima wa ndizi ananunua ndizi," Elipidius alisema. "Walinitania hadi kanisani."

"Nawe hukunisema."

"Nilikuogopa. Hata sasa nakuogopa, Mama Beata. Ila naogopa zaidi kukukosa."

Felicitas alimtazama mzee wake, shati limefungwa vifungo upande, mikono imekaukiwa na utomvu wa ndizi. Akamfungua kifungo kimoja, akakifunga mahali pake.

"Nitakwenda," alisema. "Lakini bwana shamba nilimnunia. Daktari nitamuuliza."

Siku ya dripu mpya, kabla hajaruhusu sindano iguse mkono wake, aliomba daktari aitwe. Akaja daktari kijana mwenye haraka.

"Shikamoo mama. Kuna shida?"

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza. Ile ya mwanzo mmeiacha kwa nini?"

Kijana alitazama foleni, akamtazama mama, akavuta kiti. Akamwambia kwamba uvimbe haukusinyaa walivyotarajia; kuendelea nayo kungemchosha bure. Hii huenda ikafanya vizuri zaidi. Baada yake upasuaji uko palepale. "Tukiona haifai, tutabadilisha tena, mama."

"Badilisheni," Felicitas alisema, akakunja mkono wa gauni. "Ila kila mkibadilisha, unavuta kiti."

Dripu ilipoanza kudondoka, alimpigia wifi yake simu.

"Kokugonza, zile nyasi zako bado zipo sebuleni?"

"Zipo, wifi. Naona aibu hata kuzigusa."

"Zipeleke migombani zifunike udongo. Na ukimaliza kuona aibu, nipikie. Nakuja."