Wimbo Uliofunikwa na Muvi

Kilichomuudhi Matilda kuliko kuharibika kwa laptop yenyewe ni lile swali. Alilisikia Kalenga, akalisikia Iringa mjini, na sasa alikuwa amesafiri mpaka Mbeya kuja kulisikia tena: "Hukuwa na kopi pengine, hata kwenye flashi?" Angekuwa na kopi, huku Mbeya angefuata nini, baridi?

Matilda Kalinga ni mwalimu wa shule ya msingi, lakini pale kijijini Kalenga ukisema "mwalimu" bila kuongeza neno, watu wanajua unamsema mwalimu wa kwaya ya usharika. Nyimbo anatunga mwenyewe. Jioni akishamaliza kusahihisha madaftari hufungua laptop, akaandika sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, akaisikiliza mashine ikiziimba, akafuta, akaandika upya. Ana sikio kali. Muumini wa benchi la nyuma akiteleza noti moja, yeye kule mbele anageuka.

Na ni mchoyo wa nyimbo, hilo halifichiki. Miaka ya nyuma kwaya moja ya jirani ilimwomba noti, ikaenda kuuimba wimbo wake kwenye mkutano mkubwa, watu wakashangilia, na mwalimu wao akasimama kupokea pongezi kana kwamba ameutoa kifuani mwake. Tangu hapo Matilda hakumpa mtu noti. Wanakwaya wake aliwafundisha kwa kuwaimbia, kila sauti kivyake, na noti zikabaki kwenye laptop. Ezekia, mwenyekiti wa kwaya, alimsihi aziweke angalau kwenye flashi ya usharika. "Flashi zina miguu," alimjibu, na Ezekia hakumsihi tena.

Sasa kanisa jipya lilikuwa karibu kuzinduliwa, na wimbo wa siku hiyo ulikuwa tayari. Alikuwa ameutunga kwa karibu miaka miwili, mrefu, wenye sauti zinazopokezana na kufukuzana mpaka mwisho. Hakuwa amemwimbia mtu hata mstari mmoja. Alitaka watu wausikie kwa mara ya kwanza siku mlango unafunguliwa. Wiki aliyopanga kuanza kuwafundisha wanakwaya ndiyo wiki laptop ilipoanza kulia ka, ka, ka, kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha ikaganda.

Akaipeleka Iringa mjini kwa Jofrey, fundi aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Jofrey alipomwona alisimama wima kama yuko darasani.

"Shikamoo, mwalimu! Iache hapa, kesho uje uichukue. Na kwako sichukui hata senti."

Kesho yake laptop iliwaka upesi kuliko ilivyowahi kuwaka. Jofrey alikuwa anatabasamu masikio kwa masikio.

"Diski ilikuwa imeanza kuchoka, mwalimu. Nikaifuta yote, nikapiga window mpya. Halafu nikasema mwalimu wangu asikae mpweke, nimekuwekea muvi. Za Kikorea zilizotafsiriwa, za Kinaijeria, yaani nimeijaza kabisa."

Matilda alitazama kioo. Kulikuwa na wanawake wa Kikorea wanalia, wanaume wa Kinaijeria wamevaa kofia nyekundu, na hakukuwa na wimbo.

"Nyimbo zangu ziko wapi?"

"Nikuwekee na nyimbo?"

"Zangu, Jofrey! Nilizotunga! Zilikuwa hapa hapa mbele."

Tabasamu likamtoka fundi. "Hukuziweka kwenye D?"

"D ndiyo nini?"

"Mwalimu, sisi mafundi tunajua vitu vya maana mtu anaviweka kwenye D, ile sehemu ya pili ya diski. Vile vya hapo mbele, window ikipigwa, vinaondoka vyote."

"Na kuuliza? Nilikufundisha kusoma, kuuliza sikukufundisha?"

Jofrey aliomba radhi, akaomba tena, mpaka machozi yakamlengalenga. Hasira ya Matilda ikakosa pa kutua, maana utamgombeza vipi mtu aliyekuharibia kwa mapenzi? Alitoka pale, laptop kwapani, bila kuaga.

Kwa siku kadhaa alijaribu kuukumbuka wimbo. Sauti ya kwanza ilimjia mpaka katikati, kisha ikamponyoka. Zile nyingine tatu zilikuja vipande vipande, na kila alipodhani ameshika kipande, kilikuwa cha wimbo mwingine. Alikuwa amezoea kuiachia mashine ikumbuke. Ndipo mwalimu mwenzake alipomwambia kwamba Mbeya kuna mtu anaitwa Mujtaba, anafufua vitu vilivyofutika.

Matilda alisafiri na laptop mapajani njia nzima. Pale Nyololo, kituo cha njiani, abiria walipokuwa wananunua viazi dirishani, hata harufu hakuisikia.

Mujtaba alikuwa mtu mzima mpole, anafanyia kazi dukani mwa marehemu baba yake aliyekuwa anauza redio. Alimpa kiti, akamwagizia chai, akauliza lile swali la flashi, akajibiwa kwa mkato. Akaichomoa diski, akaiunganisha na mashine yake, akaanza kuipekua.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Ualimu."

"Basi ubao unaujua. Ukifutwa harakaharaka, somo la jana bado linasomeka kwa chini, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na mtu akishaandika somo jingine juu yake?"

Matilda akakiweka kikombe cha chai chini.

"Huyu fundi angefuta tu akaishia hapo, ningekutolea karibu vyote. Lakini amejaza muvi. Zimekaa pale pale zilipokuwa nyimbo zako." Akamgeuzia kioo. "Nimepata majina ya mafaili. Ndani yake hamna kitu."

Matilda akayaona majina ya nyimbo zake zote yamejipanga vizuri, na la mwisho lilikuwa la wimbo wa kuzindulia kanisa. Alipolifungua alikuta miraba na alama zisizosomeka. Mujtaba alijaribu kuirudia kazi tangu mwanzo. Diski ikalia ka, ka, ikanyamaza, na safari hii haikuamka tena.

"Pole sana, mama. Imekufa."

Matilda alitamani kupiga kelele, lakini utampigia kelele nani, mzee aliyekupa chai?

Alikuwa amepanga kulala Ilomba, mtaa wa hapo hapo Mbeya, kwa Alinanuswe. Huyu alikuwa mwimbaji wake wa sauti ya pili kwa miaka mingi, wakati mume wa Alinanuswe anafundisha Kalenga, kabla hawajarudi kwao Mbeya. Siku ya kuondoka alimwomba noti za wimbo mmoja tu, awe nao kama kumbukumbu, na Matilda alimnyima. Alinanuswe alimpokea kama ndugu wa tumbo moja, akamsikiliza, akasema pole, kisha akasema kwamba jioni hiyo ana mazoezi ya kwaya na hatamwacha nyumbani peke yake na mawazo.

Walipoingia kanisani, kwaya ilikuwa imeshaanza. Matilda alisimama mlangoni kama aliyepigwa. Ulikuwa ule wimbo aliomnyima.

"Mmeutoa wapi huu?"

Alinanuswe aliinamisha macho. "Nilikuja nao kichwani, dada. Sauti yangu niliijua. Zile nyingine niliokota nilizokumbuka, palipobaki tukajazia wenyewe. Unisamehe."

Walikuwa wamejazia vibaya. Sauti ya tatu ilikosea kila ilipopata nafasi, na nyingine walikuwa wameibuni tu. Lakini ulikuwa wimbo mzima, una kichwa na miguu, unaimbwa na watu asiowajua. Matilda alihisi hasira na kilio vimempanda pamoja.

"Na ule wa kanisa jipya?" aliuliza Alinanuswe. "Tuimbie, pengine tukusaidie kuokota."

Matilda alisitasita. Hata sasa, wimbo ukiwa umekufa, moyo wake ulisita kuutoa. Kisha akaimba. Sauti ya kwanza ikatoka mbele ya watu kwa mara ya kwanza, ikapanda vizuri, na Alinanuswe, kwa mazoea ya miaka yote ile, akaingia na ya pili kwa chini. Wanaume wa sauti ya nne wakasikiliza kidogo, wakaingia nao.

"Siyo hivyo!" Matilda aliwakatiza kwa ukali, mkono juu, kama yuko kwake. "Hapo ya nne haishuki hivyo!"

Kwaya nzima ikanyamaza, ikamtazama kwa adabu, ikingoja.

"Inashukaje, mwalimu?" aliuliza mmoja wao.

Matilda akafungua kinywa kumwonyesha. Akatafuta, akatafuta tena. Hakukuwa na kitu, na katika dunia nzima hakukuwa na mtu wa kumuuliza.

Akashusha mkono.

"Basi imbeni hivyo hivyo," alisema.